Fizikia ya Mpemba, fizikia ya dunia

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, wavulana walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Maziwa yananunuliwa kwa kina mama wa jirani, yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friji ya shule. Shida ilikuwa nafasi. Trei chache, wenye hamu wengi, anayechelewa analala bila. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa bado anachemsha ya kwake alipomwona mwenzake amekurupuka. Huyo hakuchemsha kabisa, alikoroga sukari kwenye maziwa mabichi, akamimina kwenye trei, basi. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe, trei ya mwisho inakwenda. Akaamua liwalo na liwe. Akayatia yakiwa ya moto, friji ikiharibika iharibike. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kuangalia: ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni kama uji.

(Wasomaji wa Pemba wasianze kujigamba. Hilo ni jina lake tu, halina habari ya kisiwa.)

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia imekuwaje. Akajibiwa kwamba amejichanganya, jambo hilo haliwezekani. Akalinyamazia. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi, maana yanawahi kuganda. Kwa hiyo wachuuzi wa Tanga walikuwa wanaishi kwa jambo ambalo darasani haliwezekani. Mpemba akachaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kusoma kidato cha tano, na huko akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu wa huko alipochoka kubishana akamwambia kuwa hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa utani wa darasa zima. Akikosea hesabu anaambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisa hiki husimuliwa kwa wanafunzi wetu kama hadithi ya kijana jasiri na walimu wasiosikia. Mimi nakiona kama mfano bora nilionao wa jambo ambalo watu wengi wa sayansi hawapendi kuambiwa: kwamba falsafa hawajaiacha nyumbani. Imo humo humo kwenye friji, katikati ya trei.

Najua neno lenyewe limeharibika. Kwetu mtu akikwambia "acha falsafa" anamaanisha acha kuzungusha maneno, sema unachotaka. Hata wakubwa wa fizikia wamesema mambo ya namna hiyo. Mwaka 2010 Stephen Hawking na mwenzake Leonard Mlodinow waliandika kwamba falsafa imekufa, imeshindwa kwenda na mwendo wa sayansi. Sikusudii kugombana na marehemu. Ninachotaka ni kuangalia maswali yaliyoulizwa juu ya maziwa yale, moja moja, tuone ni yapi kipimajoto kinaweza kuyajibu na ni yapi hakiwezi.

Tuanze na mwalimu wa Mkwawa, maana nadhani ameonewa. Hoja yake ni nzito. Maji ya nyuzi 100 ili yafike sifuri ni lazima yapite nyuzi 35. Yakifika hapo 35, yale yaliyoanzia 35 yameshatangulia mbele zamani. Yatapitwaje? Hoja hiyo haihitaji maabara, unaweza kuikamilisha ukiwa umelala kitandani. Na mwanafalsafa wa Scotland David Hume alishafundisha zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo kwamba mtu akikuletea habari inayopingana na kanuni iliyothibitishwa mara elfu, jiulize lipi ni jepesi kutokea: kanuni imevunjika, au mleta habari amekosea? Kijana wa kidato cha tatu, friji ya shule, maziwa yasiyopimwa, sukari ya kukadiria. Mimi pia ningesema amekosea.

Mwaka 2011 wanasayansi wa mradi wa OPERA walitangaza kwamba chembe ziitwazo nyutrino, zilizorushwa kutoka maabara ya CERN karibu na Geneva hadi Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilifika mapema kuliko mwanga kwa takriban nanosekunde 60. Wanafizikia wengi wakakataa kuamini kabla hata hawajamaliza kusoma. Walikuwa sahihi. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa waya wa kupitisha mwanga ulikuwa haukukazwa vizuri, saa ikasoma vibaya. Waliokataa walifanya nini cha tofauti na mwalimu wa Mkwawa? Hawakufanya lolote tofauti. Tofauti ilikuja baadaye: kuna watu walikwenda kuutafuta waya.

Kule Mkwawa, aliyekwenda kutafuta alikuwa Mpemba peke yake. Siku moja alasiri alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili za sentimita 50 za ujazo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, ila iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Akaandika mwenyewe kwamba jaribio hilo halikutosha kukata shauri. Kijana wa sekondari, anataniwa shule nzima, amepata jibu linalompa ushindi, na anasema bado halitoshi. Kama ningetakiwa kumwonyesha mtu maana ya akili ya kisayansi kwa picha moja, ningemwonyesha hiyo.

Kisha akaja Denis Osborne, Mwingereza aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kutoa mhadhara pale shuleni. Ulipofika muda wa maswali Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu. Alirudi Dar es Salaam akamwachia kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa: maji ya moto yameganda kwanza, lakini tutaendelea kurudia jaribio mpaka tupate jibu sahihi.

Sentensi hiyo ya fundi nimeicheka miaka mingi, nikaacha kuicheka. Hakuwa mjinga. Alikuwa anasema kwa lugha ya kazi yale ambayo Mfaransa Pierre Duhem aliyaandika mwaka 1906: hakuna jaribio linalopima wazo moja peke yake. Ukiweka bika mbili kwenye friza unapima kanuni ya kupoa, na papo hapo unapima uzima wa friza, usafi wa bika, umakini wa kipimajoto na uaminifu wa aliyekuwa zamu. Matokeo yakija kombo, kitu kimojawapo kimeharibika, na matokeo yenyewe hayakuonyeshi kwa kidole ni kipi. Unachagua wewe. Fundi alichagua kulaumu jaribio. Osborne alichagua kuilaumu kanuni kidogo. Namba walizokuwa nazo ni zile zile. Sasa nani atasema uchaguzi ule ulikuwa wa fizikia?

Osborne na Mpemba wakafanya kazi pamoja, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Walitumia bika za sentimita 100 za ujazo zenye maji 70. Chini waliweka kipande cha lile povu gumu jeupe linalofungia televisheni, ili ubaridi usipande kutoka chini. Walijaribu pia kumwaga mafuta kidogo juu ya maji, na kuganda kukachelewa mno, wakajua kwamba joto jingi hutoka kwa juu. Mwaka huo huo, bila wao kujua, George Kell wa Canada naye aliandika juu ya jambo hilo hilo. Kwa watu wa nchi ile ya theluji halikuwa geni, kama lilivyokuwa si geni kwa wauza aiskrimu wa Tanga.

Je, ni kweli maji ya moto huganda kwanza? Hapa ndipo penye utamu, na nitakaa kidogo.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa wakasema hawaoni ushahidi wa kuaminika. Waligundua pia kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya maji, unaweza kupata "matokeo ya Mpemba" pasipo na kitu. Watu wakaandika kwamba Mpemba ameangushwa. Lakini soma vizuri walichopima: muda wa maji kufika nyuzi sifuri. Hawakungoja barafu. Na walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa barafu kuanza ni jambo la vurugu. Maji masafi yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji, yakisubiri chembe ya vumbi au mkwaruzo wa kuanzia. Osborne na Mpemba wao walipima muda mpaka barafu ianze kutokea. Maabara ya baiolojia Mkwawa kilichoangaliwa ni barafu ipi ni nyingi baada ya saa moja. Na kule Magamba lilikuwa swali la mtoto mwenye njaa: yamekuwa magumu, au bado ni uji?

Hayo ni maswali manne, yote yamevaa kanzu moja iliyoandikwa "kuganda kwanza". Hakuna kipimajoto kitakachokwambia neno hilo lina maana ipi kati ya hizo. Lazima mtu akae aamue, na aitetee kauli yake. Kazi hiyo, ya kukaa na neno ulilolizoea mpaka likuonyeshe kuwa hulijui, ndiyo falsafa tangu Sokrate. Einstein mwaka 1905 alifanya hivyo hivyo kwa neno "wakati mmoja": tunaposema matukio mawili yametokea wakati mmoja, tunamaanisha tumeona nini hasa? Fizikia ya karne nzima ikabadilika kwa sababu ya swali ambalo mjomba wako angekwambia uache.

Nimejaribu mwenyewe nyumbani, kwa ubishi tu. Vikombe viwili vya bati, maji ya bomba kwenye kimoja, maji ya birika kwenye kingine, ndani ya friza ambayo kwa kawaida hugandisha barafu za ubuyu na haijatolewa ukoko siku nyingi. Baada ya kama saa moja nikafungua. Kikombe cha maji ya kawaida kilikuwa na utando mwembamba juu, ukiugusa kwa kijiko unapasuka. Kile cha moto hakikuwa na utando wowote, lakini kilikuwa kimeyeyusha ukoko chini yake, kimezama kama mguu kwenye tope, kimekaa chuma kwa chuma, na barafu ilikuwa imeshika kwenye kitako na ubavuni, ngumu kabisa. Nikasimama na mlango wazi, ubaridi unatoka, nashindwa kusema kipi kimetangulia. Umeme ukakatika, tukaokoa ubuyu kwanza.

Pale pale nikaelewa kwa nini wale wawili waliweka povu chini ya bika. Nikaelewa pia kitu kingine: muuza aiskrimu wa Tanga hahitaji povu. Kama faida ya maziwa ya moto inatokana na kuyeyusha ukoko, kwake ni faida kamili. Kwa mwanasayansi huo ni uchafu wa jaribio, wa kuondolewa. Ukweli wa mmoja ni takataka ya mwingine, na wote wawili wana haki, maana hawakuuliza swali moja.

Turudi kwenye hoja ya kitandani, ile ya maji ya moto kupita nyuzi 35. Inaonekana haina tundu. Tundu lake ni kwamba inadhani maji ni namba. Maji ya nyuzi 35 yaliyotoka kwenye nyuzi 100 na maji ya nyuzi 35 yaliyotoka bombani vimehesabiwa kuwa kitu kimoja, kana kwamba maji hayana historia. Lakini yale yaliyotoka mbali yamepungua kwa mvuke, yamepoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yanazunguka, upande wa juu una joto na wa chini una baridi, kiasi kwamba kuyapa namba moja ya joto ni kukadiria. Labda hayo yanatosha kuleta tofauti, labda hayatoshi. Wataalamu bado wanavutana. Ila angalia kilichotokea: dhana kwamba hali ya kitu ni joto lake haikuwahi kupimwa na mtu yeyote pale Mkwawa. Haikuandikwa hata ubaoni. Iliingia darasani kimya kimya pamoja na kanuni, ikakaa.

Dhana hiyo ilipoanza kuhojiwa, fizikia ilifunguka. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo ulio mbali na utulivu, yaani mbali na hali ambapo joto lake halibadiliki tena, unaweza, chini ya masharti fulani, kupata njia ya mkato ambayo mfumo ulio karibu hauipati. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Canada, wakalionyesha jambo hilo kwa kidonge kisichoonekana kwa macho, kinachosukumwa ndani ya maji kwa mwanga wa leza. Wakarudia na kurudia mpaka shaka ikaisha. Hapo hakuna maziwa, hakuna barafu, hakuna friji. Jina limebaki lile lile, la Mpemba. Inawezekana kabisa, basi, kwamba jambo lililoitwa kwa jina lake liko imara mahali ambapo hakuwahi kuligusa, na linayumba pale pale alipoliona.

Na hapo namrudia mwalimu wake. Tuseme Burridge na Linden wako sahihi, tuseme maji ya kawaida hayafanyi hivyo hata siku moja. Mwalimu ameshinda? Mimi nasema hapana. Jibu lake lingekuwa limeangukia mahali sahihi, lakini hakulifuata huko. Kama saa iliyokufa inavyopatia mara mbili kwa siku, ilhali hakuna anayeiangalia kupanga safari. Anayebisha kwamba kinachohesabika ni jibu tu, jinsi lilivyopatikana ni mapambo, anisamehe, ameshaingia kwenye falsafa ya sayansi naye, tena kwa mlango wa nyuma.

Nisije nikaonekana nawapaka mafuta wanafalsafa. Wana madhambi yao, na kisa hiki hiki kinayo. Aristotle aliandika, zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya Magamba, kwamba maji yaliyopashwa joto hupoa upesi, na kwamba watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, wanapokwenda kuvua kwenye barafu humwaga maji ya moto kwenye matete yao ili yagande haraka. Aliona, au aliambiwa na walioona. Kisha akatoa maelezo: joto na baridi vikikutana kila kimoja humtia mwenzake nguvu. Maelezo mazuri kwa kusikiliza, na hakupima chochote. Karne zilipopita nadharia yake ikatupwa, na kwa kweli ilistahili. Lakini matete ya wavuvi yalitupwa pamoja nayo. Francis Bacon alilitaja jambo hilo mwaka 1620, Descartes mwaka 1637, kisha vitabu vya shule vikanyamaza kabisa, kwa kuwa sayansi mpya ya joto haikuwa na kabati la kuliweka. Likasubiri mvulana wa Lushoto aogope kukosa trei.

Mwanafunzi wetu wa leo anaweza kumaliza kidato cha sita, fizikia, kemia na hisabati, na alama nzuri, bila kuulizwa hata mara moja: umejuaje? Atakuwa ameulizwa kokotoa, taja, chora, eleza kwa ufupi. Mimi nimepita humo. Mtihani wa vitendo kidato cha nne tulipewa pendulamu: uzi, kijiwe cha chuma, saa ya kupimia. Unafunga uzi wa sentimita 50, unakivuta kijiwe kidogo, unakiachia, unahesabu kwenda na kurudi mara 20, unaandika sekunde. Unabadilisha urefu, unarudia, unachora grafu, na kutoka kwenye mteremko wa grafu unapata nguvu ya mvutano wa dunia. Sote tulijua jibu kabla ya kuufunga uzi: 9.8. Kwa hiyo wengi tulianzia kwenye jibu tukarudi nyuma kutunga sekunde. Tuliita kupika, na waliokuwa wapishi hodari waliacha makosa madogo madogo ili isionekane.

Jirani yangu wa meza hakupika. Alipima kweli, kwa subira, na grafu yake ilinyooka kuliko zetu zote. Ikampa karibu 10.9. Akaiangalia, akaangalia saa ya ukutani, akachukua kifutio, akafuta safu nzima ya namba zake za kweli, akaandika za uongo.

Juzi nilikaa na karatasi nikajiuliza ile 10.9 ilitoka wapi, maana grafu iliyonyooka vile haiji kwa uzembe. Nikakumbuka alivyokuwa akihesabu, kwa kunong'ona, nasikia mpaka leo: anakiachia kijiwe na papo hapo anasema "moja". Hakuanza na sifuri. Alipofika ishirini, kijiwe kilikuwa kimekwenda na kurudi mara kumi na tisa. Ukigawa sekunde za safari 19 kwa 20, halafu ukapeleka kosa hilo mpaka mwisho wa hesabu, unapata 10.86.

Dunia ilikuwa imemjibu vizuri kabisa. Hakukuwa na sehemu kwenye karatasi ya majibu ya kuandika kwamba kuna swali.